Dakika ya Arobaini na Moja

Mbaraki, Mombasa
Machi 9, 2025

Kwako Emmah, mdogo wangu,

Nakusalimu kwa salamu za nyumba nzima, ingawa nyumba nzima sasa ni watu wawili. Natumai goti lako limekubali kukunjika, na kwamba mpwa wangu Nasipwondi angali na kazi yake ya ualimu. Huku tu wazima. Purity wetu amejifungua salama kule Malindi, mtoto wa kike, na amempa jina la mamake. Loise alipoletewa mjukuu alimpakata, akampapasa pua na masikio, akasema, "Huyu ametoka kwetu." Tulicheka sote, lakini mimi niliona kwamba alimpapasa kwa sababu hakumwona.

Na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Sukari imemfikia wifi yako machoni. Anasema ni kama kutazama kupitia kioo kilichopakwa mafuta, na katikati pana madoa meusi yanayohama. Daktari aliniita kando akaniambia wanaweza kupunguza mwendo tu, si kuurudisha nyuma. Kabla mwaka haujaisha, alisema. Loise hajaambiwa, nami sitaki aambiwe. Kwa simu nisingeweza kukueleza. Wajua masikio yangu yalivyoachwa na winchi za bandarini. Nikizungumza sharti nifungue sauti yote ya simu, na neno lako la huko Webuye husikika hadi jikoni. Tuendelee basi na barua zetu, kama tangu ulipoolewa. Nitazituma kwa basi la Mwembe Tayari, nawe utume kwa basi hilo hilo. Karani wa vifurushi ananijua.

Jambo la pili. Wamkumbuka Oliver, mpishi wa meli aliyekuwa na marehemu mwanangu Ngowa miaka mitatu iliyopita, meli yao ilipotelekezwa na wenyewe nje ya bandari ya watu, bila mafuta, bila chakula, bila mshahara. Alikuja hapa Jumapili iliyopita. Yale aliyokuwa akiyapiga kwa simu yake kule melini yamechukuliwa na watengenezaji filamu, wameyaunga, na sasa yanaonyeshwa kwenye ile huduma ya mtandaoni ambayo mpwa wangu huilipia kila mwezi.

"Mama," alimwambia Loise, "Ngowa yumo. Anaimba. Anapara samaki. Utamwona."

Akampa simu. Loise aliisogeza hata pua ikagusa kioo, akasema haoni ila mwanga. "Nataka nimwone kwenye televisheni. Awe mkubwa." Tangu siku hiyo hana wimbo mwingine.

Oliver alipokuwa akitoka alinishika mkono mlangoni, akasema, "Mzee, usinichukie." Nikamwuliza nimchukie kwa lipi. Akashuka ngazi.

Televisheni yetu ina miaka yake. Nikibonyeza hiyo huduma inaniambia toleo hili halitumiki tena. Mwulize mpwa wangu tufanyeje, na kama ataturuhusu paswadi yake.

Ni mimi kaka yako,
Tsuma


Webuye
Machi 25, 2025

Kaka Tsuma,

Shikamoo. Barua yako nilipewa stendi na ilikuwa imelowa pembeni, maana mvua huku zimefika na kila kitu ni tope. Goti ni lile lile. Nimeshapanda mahindi kwa kukaa kwenye kigoda. Nasipwondi yuko shuleni, anakusalimu sana mjomba wake. Mpe mkono Purity kwa mtoto.

Habari ya macho ya wifi imeniumiza, na kwa vile niliuguza watu miaka thelathini, sitakupa matumaini ambayo mimi mwenyewe sina. Mwache ale vizuri, na dawa asiziruke.

Sasa televisheni. Nasipwondi anasema ikiwa ya zamani hivyo haitapona. Utafute kijiti fulani kidogo kinachochomekwa nyuma, penye tundu la waya wa picha. Hicho ndicho kitakacholeta intaneti upya. Mafundi wa Mji wa Kale watakuwa nacho. Ukikiwasha, kioo kitakuonyesha herufi na tarakimu nane. Umpigie Nasipwondi umsomee upesi, maana baada ya dakika chache zinakufa. Yeye ataziingiza huku, na televisheni itafunguka. Kwenye orodha yake ameipa jina "Mombasa," aijue.

Ujaribu kwanza wifi akiwa hayupo, kaka. Usije ukamkalisha mbele ya kioo kisha kikamkatalia. Sisi huku hatujaitazama bado, kwa hizi kazi za shamba.

Nilikuwa na neno jingine, nimeliandika nikalifuta. Ukiisha kuiona utaniandikia.

Mdogo wako,
Emmah


Mbaraki
Aprili 22, 2025

Emmah,

Salamu za Pasaka, ingawa zimechelewa. Kanisani palijaa hata watu wakasimama nje kwenye jua. Loise alivaa gauni lake la samawati na alishika mkono wangu ngazi zote, zamani asingekubali. Mtoto wa Purity anaongezeka uzito.

Nilikwenda Kibokoni, kule Mji wa Kale, kwa fundi Zaki, yule ambaye dukani kwake utakuta televisheni zimepangwa kama majeneza. Ni mtu mzima mwenzangu, mwenye adabu. Alinipa kijiti, akaja nacho hadi nyumbani siku ya Alhamisi, Loise akiwa kwenye mkutano wa kina mama. Akachomeka, akaunganisha na waifai ya jirani wa juu aliyetukubalia. Zile herufi nane zilitoka. Nikamsomea mpwa wangu, mara ya kwanza zikafa kwa sababu sikusikia aliponiambia nirudie. Mara ya pili zikakubali. Zaki akanywa maji, akaenda zake.

Nikaitafuta ile filamu. Nikaiona. Meli yenyewe ilitokea, imekula kutu hadi kwenye jina. Ngowa alitokea amevaa fulana nyeupe. Amekonda. Anaimba kwa Kigiriama huku akipara samaki, na wenzake wasiojua hata neno moja wanamwitikia. Nilikaa. Niliongeza sauti ili nisikie vizuri.

Halafu ikakataa.

Loise aliporudi alinikuta nimesimama roshani. Akauliza, "Imekubali?" Nikamwambia bado. Akasema si neno, tutajaribu kesho.

Mvua hapa haijaja. Bei ya nazi imepanda hata aibu.

Kaka yako,
Tsuma


Webuye
Mei 14, 2025

Kaka yangu,

Shikamoo, na poleni na joto. Huku tumepalilia mara ya kwanza.

Nasipwondi amewapigia watu wa huduma hiyo. Wanasema kwa upande wao hakuna tatizo lolote. Walimwambia mzime kijiti, mkichomoe, mkiache dakika kumi, mkirudishe. Ikishindikana, mfute ile huduma na kuiweka upya, nawe umsomee tena herufi. Anasema yuko tayari saa yoyote, hata akiwa darasani atatoka nje.

Nina swali moja tu. Ilikataa ikiwa imefika wapi?

Mbusu wifi yangu kwa niaba yangu.

Emmah


Mbaraki
Juni 20, 2025

Emmah,

Tumepokea salamu. Hapa Purity alikuja na mtoto wiki mbili, nyumba ikachangamka, kisha akarudi Malindi nyumba ikawa kama jana yake.

Nimefanya yote uliyoagiza. Nilichomoa, nikachomeka. Nilifuta, nikaweka. Jirani wa juu alihama na waifai yake, tukakaa wiki tatu bila. Halafu nikaunganisha kwa simu yangu, bando likaisha kabla picha haijatokea. Halafu rimoti ikafa betri. Ukimwambia mtu mambo haya anadhani ni mchezo.

Loise alimwita Zaki bila kuniambia. Alimpigia mwenyewe, anazijua namba kwa vidole. Zaki alikuja, akakagua, akasema mbele yake, "Mzee wangu, kifaa hiki hakina neno." Nikamwambia kama ufundi wake ni kutuambia hakina neno basi aende akauze mandazi. Mtu yule hajawahi kunikosea. Aliinama akakusanya bisibisi zake, akamuaga Loise kwa heshima, mimi hakuniaga.

Kliniki wamemchoma miale tena machoni. Kutoka huko alikuwa anaona vidole vyangu nikinyoosha mkono. Sasa anaona kwamba kuna mkono. Kila alasiri huvuta kiti chake hadi mbele ya televisheni, akakaa, na mimi humwambia leo tena hakuna mtandao. Husema, "Haya." Hukaa bado, kama mtu aliyewahi stesheni kabla ya gari.

Jioni tunaomba. Sala yake ni ile ile tangu mtoto afe: "Bwana, uwahukumu waliomzuia mwanangu asirudi nyumbani." Nami huitika Amina.

Usiniulize ilifika wapi.

Tsuma


Webuye
Julai 3, 2025

Kaka Tsuma,

Shikamoo. Safari hii nitakuandikia bila habari za shamba.

Huduma ile huweka kumbukumbu. Kila televisheni na ilichotazama, siku na saa, na mahali ilipoachiwa. Nasipwondi alinionyesha. Televisheni iitwayo "Mombasa" iliifungua filamu ya Ngowa tarehe kumi Aprili, ikaenda vizuri kutoka mwanzo, ikasimamishwa dakika ya arobaini na moja. Tangu siku hiyo imefunguliwa mara tano nyingine. Mara zote tano imekoma pale pale, dakika ya arobaini na moja. Kifaa kibovu hakichagui dakika, kaka.

Najua pale kuna nini. Nilikudanganya niliposema hatujaitazama. Niliitazama Februari, kabla Oliver hajafika kwenu, mimi na Nasipwondi, hapa sebuleni. Niliisikia sauti yako. Nasipwondi alinigeukia, akauliza, "Mama, huyo si mjomba?" Nikamwambia anyamaze.

Sikukuandikia kwa sababu nilitaka uisikie mwenyewe, na nilitaka uniambie wewe. Nimengoja. Sasa wifi amekaa kwenye kiti mbele ya kioo cheusi, na macho yake yanakwenda, nasi sote wawili tunajua kwamba kioo hakina ugonjwa.

Siandiki kukuhukumu. Andika, kaka. Hata kama ni mstari mmoja.

Emmah


Mbaraki
Septemba 28, 2025

Emmah,

Barua yako niliichukua Mwembe Tayari tarehe saba Julai, nikaisoma nimesimama kati ya watu na mizigo yao. Nimekaa nayo mfukoni mpaka imechanika kwenye mikunjo. Nisamehe kwa kimya. Wifi yako alilazwa Agosti kwa kidonda cha mguu, kimefunga. Purity anawasalimu.

Sasa nakuandikia nililomficha mke wangu miaka mitatu.

Siku Ngowa alipopiga simu, Loise alikuwa mazishini Kaloleni. Nilikuwa peke yangu. Mtoto aliniambia kuna mwakilishi wa wenye meli amepanda melini na karatasi. Atakayetia sahihi kwamba hadai chochote, atapandishwa ndege kesho yake arudi kwao. Asiyetia sahihi atabaki na meli mpaka kesi iamuliwe. Wenzake watatu walikuwa wamekwisha kukubali. Aliniuliza mimi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mtu wa chama cha wafanyakazi. Amekua akinisikia nikihadithia mgomo wetu wa bandarini, siku kumi na tisa, tulivyoletewa karatasi tukazichana. Mezani pangu alikula na hadithi hiyo tangu hajaota meno.

Sikujua kwamba ameweka sauti ya juu ili na wenzake wasikie mzee atasemaje. Sikujua Oliver anapiga picha. Umesikia mwenyewe nilivyojibu, kwa sauti yangu ya kiziwi:

"Usitie sahihi. Anayetia sahihi amejiuza. Kaa hapo hapo."

Akasema, "Baba, nimechoka."

Nikamwambia, "Uchovu si ugonjwa."

Akasema, "Haya, baba."

Wale watatu wako makwao, wanalea watoto. Ngowa alibaki. Wiki ya tano tumbo likamshika, na hapakuwa na mashua ya kumpeleka kwa daktari. Loise aliporudi kutoka Kaloleni nilimwambia mtoto amepiga simu, ni mzima, ila wenye meli wamekataa kumwachilia. Ndilo neno nililomwambia, na ndilo analolipeleka kwa Mungu kila jioni, na mimi naitika.

Ile Alhamisi nilipoisikia sauti yangu, kwanza sikuijua. Nilijisemea, ni nani huyu mzee anayemfokea mwanangu.

Nimejaribu kuruka kipande hicho nikaone kinachofuata. Siwezi. Nikifika hapo, kidole kinabonyeza chenyewe.

Usimpigie Loise. Hilo nakuomba.

Tsuma


Webuye
Oktoba 12, 2025

Kaka yangu,

Shikamoo. Nimeisoma yako mara moja tu, sikuthubutu mara ya pili.

Na mimi ninalo nililoficha. Ngowa alinipigia kabla yako. Ilikuwa asubuhi, nikikama ng'ombe. Aliniambia habari ya karatasi, akasema, "Shangazi, nataka kurudi, lakini namjua baba. Zungumza naye wewe kwanza, umlainishe, kisha mimi nimpigie jioni." Nikamwambia nitazungumza nawe. Nilimaliza kukama. Nilitazama simu. Nikaona utanikaripia, utasema nimeolewa mbali na bado natia mkono katika mambo ya nyumba yako, kama ulivyosema siku ya posa ya Purity. Nikaiweka simu chini, nikasema kijana ni mtu mzima, atajieleza. Jioni alikupigia akidhani nimekwisha kusema nawe. Lile "Haya, baba" lake, mimi nalisikia hivi: alijua hata shangazi ameshindwa.

Kwa hivyo usidhani kwamba dakika ile ni yako peke yako.

Lakini wifi hajatukosea sisi. Anataka kuuona uso wa mwanawe. Ataisikia na sauti yako, ndiyo, na huenda asikutazame tena, lakini macho ya kukutazama yenyewe hayatakuwako. Mwonyeshe, kaka. Mwonyeshe wiki hii. Wala usiniandikie kwamba betri imekufa.

Emmah


Mbaraki
Novemba 30, 2025

Kwako Emmah,

Nakusalimu wewe na Nasipwondi. Natumai mahindi mmeyaingiza kabla ya mvua. Mtoto wa Purity ameanza kutambaa. Nimekwenda Kibokoni nikamwomba Zaki radhi. Alinipa kiti na kahawa, hakulitaja.

Barua yako ilinifikia Oktoba katikati. Uliandika wiki hii. Sikufanya wiki hiyo. Wala iliyofuata. Kila nikiamka nilisema leo, na kila alasiri aliponiuliza nilisikia mdomo wangu ukisema hakuna mtandao.

Tarehe tano mwezi huu, asubuhi, nilimwekea chai mezani. Alinyoosha mkono kukitafuta kikombe, akakipita. Akasema, "Baba Ngowa, mbona leo hujafungua dirisha?"

Lilikuwa wazi. Jua lilikuwa limeingia hadi chini ya meza.

Niliuchukua mkono wake nikauweka kwenye jua, naye akaelewa. Hakulia. Halafu akasema, kwa upole kabisa, "Basi na ile televisheni usijihangaishe tena. Umeteseka nayo sana. Najua mafundi hawa wamekuchosha."

Alikuwa ananihurumia mimi, Emmah. Amenifungulia mlango niondoke huru, hakuna atakayeniuliza tena maisha yangu yote. Nilidhani nitashukuru. Siku mbili nilikipita kile kijiti bila kukigusa.

Siku ya tatu nilichomeka kijiti. Haikuchukua hata dakika mbili. Nikamwambia, "Imekubali."

"Sasa?"

"Sasa."

Alikwenda chumbani akipapasa ukuta, akabadilisha kitambaa cha kichwa, akarudi, akavuta kiti chake pale pale pa siku zote. "Nisimulie," alisema. "Kila kitu. Usiniache nyuma."

Nikamsimulia. Kutu ya meli, bahari iliyolala, fulana nyeupe. Ngowa alipoanza kuimba aliweka kiganja mdomoni, akakiacha hapo mpaka wimbo ukaisha. Wenzake walipomwitikia vibaya alicheka kwa sauti, na nikasikia kicheko ambacho sijakisikia tangu mwaka ule. Akauliza anapara samaki gani. Nikamwambia tasi. Akasema, "Hapendi tasi. Ana miba."

Ilipofika dakika ya arobaini rimoti ilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kuisukuma mbele, kidogo tu, asingejua. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nadhani nilikiacha kwa sababu ya ile kauli yake kwamba nisimwache nyuma, au kwa sababu ya uchovu, sijui. Kipande kikaja. Sauti yangu ikajaa chumba.

Loise aligeuza kichwa, si kwenye televisheni, kwangu. Kisha akakigeuza tena kwenye televisheni, kama aliyetaka kupima ipi ni ipi.

"Huyo ni nani?"

"Ni mimi."

"Siku gani?"

"Ulikuwa Kaloleni."

Filamu ikaendelea, watu wakazungumza lugha zao, hakuna aliyeisikiliza. Nilingoja anipige, au apige kelele, au amwite jirani. Nilitamani lolote kati ya hayo. Akasema, "Rudisha."

Nikarudisha. Tukasikia tena. Akasema rudisha, nikarudisha mara ya tatu.

Halafu akauliza, "Ulipomwambia uchovu si ugonjwa, uso wake ulikuwaje?"

"Sikuangalia."

Na ni kweli, Emmah. Mara zote nilizoifungua, nikiisikia sauti ile nilikuwa natazama sakafu. Sijawahi kuuona uso wa mwanangu pale.

"Basi angalia," akasema. "Mimi siwezi."

Nikarudisha, nikaangalia. Nikamwambia, "Ameinamisha kichwa anatazama ile karatasi. Sasa ameinua uso. Anatabasamu."

"Anatabasamu vipi? Kama aliyeridhika?"

"Hapana."

"Kama nani, basi?"

Nilitafuta neno. "Kama mtu anayetaka mzee wake asione."

Alitikisa kichwa polepole, akasema nizime.

Ni wiki tatu sasa. Hajanitukana. Ananijibu nikimsemesha, anakula ninachompikia. Sala ya jioni anaomba kimoyomoyo, nami sijui inapoishia, kwa hivyo siitiki. Purity alikuja kumchukua akae naye Malindi. Hakusema sababu, lakini nadhani alihisi. Loise alikataa. "Nikienda Malindi," alisema, "nani atanisimulia?" Habari yako na ile simu ya asubuhi sikumwambia. Hiyo ni yako, utakuja uiseme mwenyewe ukiweza. Kiti kiko.

Kila siku baada ya chakula cha mchana huvuta kiti. Nikiwasha hataki mwanzo tena, wala wimbo, wala samaki. Anataka pale. Mara ya kwanza nilijaribu kuharakisha, akasema, "Usiruke." Tangu hapo siruki. Kila siku ananiuliza upya uso ulikuwaje, na jibu la jana halikubali, sharti niangalie tena. Juzi alitaka kujua kama Ngowa alikuwa amenyoa ndevu. Jana aliniuliza kama macho yake yalikuwa mekundu. Nikaisimamisha picha, nikainuka, nikasogea karibu hata nikashika kioo kwa mikono miwili, nikatazama.

Nikamwambia ndiyo, ni mekundu.

Akasema, "Endelea."

Kaka yako,
Tsuma